Kaluki na Namba Iliyopakwa Chokaa

Jambo la kwanza ambalo mgeni huligundua kwa Mwalimu Kaluki ni kwamba haanzi kuimba pamoja na wenzake. Kanisani Kabati, mzee wa kanisa akishapachika namba ya wimbo kwenye kibao, watu husimama na kuanza ubeti wa kwanza, lakini Kaluki hubaki kimya, macho kibaoni. Ikiwa ni wimbo wa 221, midomo yake hucheza kidogo kisha hutulia. Kumi na tatu mara kumi na saba. Hapo ndipo hufungua kinywa, na sauti yake si haba. Ukipachikwa wimbo wa 211 huchelewa zaidi, na huimba amekunja uso, kwa sababu 211 haivunjiki kwa chochote. Wageni hudhani anaomba. Wenyeji huwanong'oneza, "Mwacheni mama huyo, anavunja namba. Kuna mtu alimkosea zamani."

Mtu huyo aliitwa Nzioka. Mwaka wa 1971 alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya harambee karibu na Migwani, shule ya madarasa matatu ya mawe na ofisi ya mabati. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe kila siku, na alikuwa na kipawa ambacho hata Kaluki hajawahi kukikana: aliweza kumfanya mtoto wa mkulima aione namba kama kitu cha kushikwa kwa mikono. Asubuhi moja aliingia kidato cha pili, akaandika ubaoni 1,000,009, akapangusa vidole.

"Hii inavunjika au haivunjiki?" aliuliza.

Nzioka akawaeleza kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa, na kwamba ukitaka kuijua, huna budi kuijaribu kwa kila namba tasa iliyo ndogo, moja baada ya nyingine. Lakini huhitaji kufika mbali. Namba mbili zikizidishwa zikaleta milioni moja na kitu, haiwezekani zote mbili ziwe kubwa. Moja itakuwa elfu moja au chini yake. Kwa hiyo jaribu mpaka elfu moja, ukikosa, basi namba yako ni tasa.

"Mwalimu, hizo ni nyingi," alisema msichana aliyeitwa Ndinda.

"Kwa mtu mmoja ni nyingi. Mama yako huchimba matuta ya kijiji kizima peke yake?"

"Hapana. Wanaenda mwethya."

"Basi na sisi tutaenda mwethya."

Hakuna mtoto pale ambaye hakujua mwethya. Ndicho kikundi cha kazi cha majirani: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mmoja hupimiwa fungu lake la ardhi. Nzioka aliziondoa mbili na tano, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ilionyesha wazi kwamba hazigawi. Zilizobaki alizipanga kwa mfuatano na kuwagawia wanafunzi ishirini na wanne, saba kila mmoja. Aliyekaa mwisho akapata tano tu, akafurahi. Fungu la Kaluki, aliyekuwa mmoja wao, lilikuwa 277, 281, 283, 293, 307, 311 na 313. Aliyemtangulia ni kijana Muthama. Aliyemfuata ni Ndinda.

Kabla kazi haijaanza, habari ikaja kutoka Kanyangi kwamba nyanya yake Kaluki amefariki. Nzioka mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa, hata akamwambia, "Pole sana. Nenda ukamzike susu wako, namba haina miguu." Kaluki akaenda.

Mwethya una desturi yake kuhusu asiyekuwepo. Fungu lake haliachwi. Majirani wake wawili huliingia, huyu kutoka upande huu na yule kutoka upande ule, na huchimba mpaka majembe yao yakutane katikati. Nzioka aliwaambia Muthama na Ndinda wafanye hivyo hivyo, nao wakafanya. Majibu yalipokusanywa, hakuna namba hata moja iliyogawa sawasawa. Nzioka alifurahi hadi akawafungulia watoto uwanja mapema. Kisha akapanda juu ya meza, akaiandika namba hiyo kwenye ukuta wa nje wa darasa kwa rangi nyeusi ya mafuta, tarakimu zenye urefu wa mkono, na chini yake maneno: NAMBA TASA ILIYOPATIKANA HAPA.

Kaluki alirudi siku ya wageni. Mkuu wa tarafa alikuwepo, wazazi walikuwepo, na mkaguzi wa shule alikuwa ametoka mbali. Mkaguzi alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "namba hii naijua. Iliwahi kumdanganya hata bingwa mmoja wa zamani. Inagawanyika kwa 293."

Akaomba kipande cha chaki na kuandika chini ya yale maneno: 293 mara 3413. Mkuu wa tarafa akacheka, na wazazi, walipoona mkubwa amecheka, wakacheka pia.

Nzioka aligeuka kuelekea kidato cha pili. "Nani alipewa 293?"

Muthama alimtazama Ndinda.

"Kaluki," alisema mwenyewe. "Simama."

"Mwalimu, mimi sikuwepo. Ulinipa ruhusa niende Kanyangi."

"Sikuulizi ulikuwa wapi. Nakuuliza, fungu lilikuwa la nani?"

"Langu, Mwalimu."

"Mmesikia, wageni wetu. Kazi ya watu wengi huharibiwa na mmoja." Akamwagiza achanganye chokaa. Mbele ya watu wote Kaluki alipanda juu ya meza akaifuta namba kwa brashi ya makonge. Rangi nyeusi ilikuwa na nguvu, ikaonekana tena chokaa ilipokauka, akaamriwa apake mara ya pili wageni wakiwa wanakunywa chai. Chokaa ilimchirizika mkononi mpaka kwapani. Muthama na Ndinda walikuwa mstari wa mbele, wameinamisha vichwa.

Tangu siku hiyo akaitwa Tisini-na-Tatu. Jina lilimfuata kisimani na sokoni. Hata siku ya harusi yake mpiga ngoma mmoja alilitia katika wimbo. Hilo angeweza kulimeza. Kilichomkaa kooni ni cheti cha kumaliza shule, ambapo Nzioka aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Ana akili, ila hamalizi kazi.* Kaluki alitaka kufundisha hisabati katika shule za upili. Kila alikopeleka cheti hicho walikisoma, wakamtazama, wakamrudishia. Akaishia kufundisha shule ya msingi bila mafunzo kwa miaka mingi, akipewa madarasa ambayo walimu wengine waliyakataa, mpaka chuo cha ualimu kilipomchukua akiwa na watoto wawili.

Chuoni alisoma jambo lililomkosesha raha. Ukiwa na namba witiri, na ukaweza kuiandika kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, basi namba hiyo haiwezi kuwa tasa. Alikiweka kitabu chini. Milioni moja na tisa ni mraba wa elfu moja ukijumlisha mraba wa tatu; hilo hata mtoto angeliona, lilikuwa limekaa wazi ukutani siku zote. Ilibaki kuitafuta njia ya pili. Aliona kwamba, kwa jinsi miraba inavyoishia, moja ya namba hizo mbili lazima iishie kwa sifuri au tano, akaanza kuzipitia: tano, kumi, kumi na tano. Alipofika 235 akaikuta. Mraba wa 235 na mraba wa 972. Hakuna kugawanya, hakuna mwethya, hakuna fungu la mtu. Nzioka angetumia akili yake badala ya mikono ya watoto, angeijua namba yake kabla ya kuinunulia rangi.

Hapo ndipo tabia ya kuvunja namba ilipomwingia, na kila aliyoivunja aliivunja kama kiungo cha mtu.

Hata hivyo, kwa muda mrefu ilikuwa hasira tu, haina pa kwenda. Mwaka wa 1989 ndipo ilipopata njia. Ndinda alikuwa amefungua duka la mbegu hapo Kabati, na Kaluki akaingia kununua ndengu za kupanda.

"Tisini-na-Tatu," Ndinda alimwita akicheka, "umeota mvi na bado unatembea kama kiranja."

"Usiniite hivyo."

"Aa, Mama Mumo, jina la shule lina ubaya gani? Tumezeeka pamoja."

"Lako lilikuwa gani?"

"Mimi sikupewa."

"Basi."

Ndinda aliacha kucheka. Alipima ndengu, akazimwaga mfukoni, akaufunga, na kuufungua tena kana kwamba amesahau kitu.

"Kuna jambo hujui," alisema. "Mimi nilianza na 313 nikashuka. Muthama alianza na 277 akapanda. Shambani mnakutana, jembe linagonga jembe, mnajua mmemaliza. Sasa kwenye karatasi mtagongana wapi? Nilifanya tatu, nikadhani ile ya katikati ni ya Muthama. Naye akadhani ni yangu."

"Nilishakisia hivyo miaka mingi."

"Ngoja. Siku Mwalimu alipopaka ile rangi, tulikuwa njiani tunarudi nyumbani. Nikamtania Muthama kwamba amenipita kwa kufanya nne. Akasema, nne gani, mimi nimefanya tatu. Mama Mumo, nilirudi shule mbio. Nilimkuta Mwalimu anaosha brashi. Nikamwambia kuna moja haijajaribiwa, 293."

Kaluki aliacha kuhesabu pesa za ndengu.

"Akaniambia rangi imeshakauka, na nisiwaharibie wageni siku yao."

"Alijua."

"Alijua kabla yako, kabla ya mkaguzi, kabla ya watu wote."

"Na wewe ulikaa mstari wa mbele ukanitazama nikipaka chokaa."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaitu, mama yangu. Ungekuwa wewe ungesema?"

"Ningesema."

Ndinda alimtazama. "Ndiyo, wewe ungesema," alikubali. "Chukua ndengu zako. Na ukitaka kitu chochote kwangu juu ya mtu huyo, niambie. Sitauliza maswali."

Kaluki hakuwa na haraka. Nzioka alikuwa amepanda cheo, amekuwa mkuu wa shule moja upande wa Makueni, na mwethya wake wa namba ulikuwa umempa sifa. Kila mwaka, siku ya kutoa zawadi, aliletewa namba ya milioni moja na kidogo, wanafunzi waligawiwa mafungu mbele ya wazazi, na jibu likatangazwa kwa makofi. Mwaka wa 1993 Kaluki alipanda basi akaenda kuona, akaketi nyuma kabisa, kitambaa kimeshuka hadi machoni.

Aliona jedwali kubwa la mbao lenye namba zote tasa kuanzia mbili hadi 997. Aliona kwamba siku hizi Nzioka huhesabu majibu moja moja na kuyatia alama. 293 ilikuwa imemfunza hilo. Lakini aliona jambo jingine. Namba ilipoandikwa, Nzioka hakuuliza hata kidogo inahitaji kujaribiwa hadi wapi. Alilipiga jedwali kwa fimbo na kusema, "Milioni na kitu, jedwali letu linatosha." Alikuwa amesema hivyo tangu Migwani, na hakuwahi kukosea, kwa sababu namba alizoletewa zilikuwa ndogo.

Ndani ya basi la kurudi, Kaluki alizidisha kichwani. Namba tasa inayofuata 997 ni 1009. Mraba wake ni 1,018,081. Chini ya hapo jedwali la Nzioka linatosha. Juu ya hapo halitoshi, na yeye hajui kwamba kuna mpaka. Hakuhitaji kumsukuma mbali. Hatua moja tu nje ya ua. Alichukua 1009, akaizidisha kwa jirani yake 1013, akapata 1,022,117.

Aliitazama namba hiyo kama mtu anavyotazama panga lililonolewa vizuri. Haigawanyiki kwa tatu, wala saba, wala kumi na moja, wala namba yoyote iliyo kwenye ule ubao. Na uzuri wake zaidi ni kwamba mtu mwenye akili angeivunja kwa pumzi moja: ni mraba wa 1011 ukitoa mraba wa mbili. Ni nne tu inayokosekana ili iwe mraba kamili. Mtu akipima kidogo tu inahitaji kufika wapi, ataiona.

Mwaka uliofuata Nzioka akawa anastaafu. Kamati ya kumuaga iliona vyema wanafunzi wake wa kwanza wa Migwani ndio wamletee namba ya mwisho, na namba hiyo ipakwe rangi kwenye ukuta wa maktaba mpya iwe ukumbusho wake. Katibu wa wanafunzi hao alikuwa Ndinda. Alikwenda nyumbani kwa Kaluki mwenyewe.

"Nilisema sitauliza maswali," alisema, "lakini hili moja nitauliza. Kuna mtoto atakayeumia?"

"Hakuna. Ndiyo sababu nimeichagua. Kila mtoto atafanya fungu lake, na kila fungu litakuwa sahihi."

"Halafu?"

"Halafu ataitangaza, na mimi nitasimama niivunje. Watu watataka kujua 1009 lilikuwa fungu la nani. Na safari hii hakuna mwanafunzi wa kutajwa."

"Wageni wanatoka hadi Nairobi, Mama Mumo. Wajukuu wake watakuwepo."

"Mimi pia nilikuwa na wageni. Mama yangu alikuwepo."

Ndinda aliichukua namba akaenda nayo.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Nzioka, aliyekuwa amevaa koti jipya, aliwapitia wanafunzi wake wa zamani akiwashika mikono, na alipofika kwa Kaluki akasimama.

"Wewe ni Kaluki wa Kanyangi. Nasikia unafundisha."

"Ninafundisha, Mwalimu."

"Hisabati?"

"Hisabati."

"Vizuri sana. Siku zote nilisema utaweza, ukijifunza kumaliza kazi." Alimpigapiga begani na kupita. Alikuwa amesema kwa wema. Kaluki angeona afadhali kama angesema kwa ubaya.

Namba ilisomwa, ikaandikwa ubaoni, na Nzioka akawachekesha wazazi: "Leo hatulimi mahindi, tunalima milioni." Akalipiga jedwali kwa fimbo. "Milioni na kitu, jedwali letu linatosha." Wanafunzi wakainama juu ya karatasi zao. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hii tunahitaji kupita elfu moja. Elfu moja na kumi mara elfu moja na kumi bado haijafika."

Kaluki alisogea hadi ukingoni mwa kiti. Miaka ishirini na mitatu, na mtoto wa watu amekuja kumpokonya panga mkononi. Nzioka angegeuka tu, angelifikiri neno hilo kwa kitambo kidogo, angeokoka.

Nzioka alitabasamu kwa wageni. "Huyu anataka kulima shamba la jirani. Fungu lako umemaliza?"

"Bado, Mwalimu."

"Maliza kazi yako kwanza. Keti."

Watu walicheka. Msichana aliketi, akaushika uso wake kwa viganja. Kaluki alihisi mkono wake mwenyewe umelowa hadi kwapani, akautazama, ulikuwa mkavu. Kama kulikuwa na huruma iliyobaki ndani yake kwa mzee yule na wajukuu wake waliovaa soksi nyeupe, ilikwisha hapo. Akaamua kwamba atakaposimama hataanza na 1009. Ataanza kwa kumwomba msichana yule asimame tena, arudie swali lake polepole, mbele ya kila mgeni.

Majibu yakaanza kupelekwa mbele. Nzioka aliyatia alama moja moja, hana haraka, na kila lililofika halikugawa. Fundi alikuwa ameshafungua mkebe wa rangi kando ya ukuta wa maktaba na kuinua ngazi. Ndinda, upande wa pili wa uwanja, alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono miwili.

"Limebaki fungu moja," Nzioka alitangaza.

Lilikuwa la kijana mmoja wa nyuma, aliyekuwa bado anagawanya kwa 997, ulimi nje, akifuta na kuandika upya. Kaluki alikuwa na jibu lake tangu mwaka jana: inabaki 192. Alifunga vifungo vya koti lake, akaweka miguu sawasawa chini, na pamoja na uwanja mzima akamngoja yule kijana amalize.